Riwaya tano: zinakokwenda na zinakokwama

Ukiwa dukani na riwaya ya Kiswahili mkononi, achana na ukurasa wa kwanza na yale maneno matamu ya nyuma ya jalada. Fungua katikati, tafuta mahali watu wawili wanapozungumza, usome kurasa mbili papo hapo ukiwa umesimama. Kama unamjua msemaji kabla hujatajiwa jina lake, lipia. Kama wote wanasema kwa sauti moja, na sauti yenyewe ni ya mwandishi, irudishe rafuni. Riwaya tano zinazofuata zimepitishwa kwenye kipimo hicho. Tatu zimefaulu, moja imefeli, na ya tano imekikwepa kwa sababu watu wake karibu hawasemi kitu.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi (Mkuki na Nyota, 1999) ndiyo iliyodhulumiwa zaidi na shule. Imesomwa miaka mingi kidato cha tano na cha sita Tanzania, na wapo waliofaulu maswali yake bila kuifungua, walisoma mwongozo. Mwongozo utakwambia Yasmini anawakilisha wasichana wanaoozwa kwa nguvu na Denge ni mwanamapinduzi, basi. Hautakwambia kwamba Mwajuma anachekesha, na Mwajuma ndiye roho ya kitabu.

Hadithi iko Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmini, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52. Mwandishi anazitaja tarakimu hizo mbili na kuendelea na safari yake. Hahubiri, anaziacha zikukere mwenyewe. Msichana anakimbia, jamaa zake wanamfungia mlango, na mlango unaofunguka ni wa Mwajuma, shoga yake wa Ng'ambo, mpenda taarabu na maneno yasiyo na breki. Kwa asiyeijua Zanzibar, Ng'ambo ni upande wa pili wa lile lililokuwa hori, mkabala na Mji Mkongwe. Kwa miguu ni mwendo mfupi tu. Kwa Yasmini ni kuhama dunia, na Shafi anakuonyesha kuhama huko kwa vitu vidogo: nani anapika, nani analala wapi, nani anaingia bila kupiga hodi.

Mfano mmoja wa karibu. Uso wa Yasmini unaelezwa kuwa wa mdawari, mfano wa tungule. Mdawari ni mviringo. Tungule ni nyanya, kwa Kiunguja. Malenga wetu wameuchosha mwezi kwa kuufananisha na kila mrembo. Shafi katoka zake sokoni na nyanya, na mara unamwona mtoto wa miaka 15, mashavu yamejaa, siyo malkia wa kasida. Kwa neno moja la jikoni amekwambia ndoa ile ilikuwa ya namna gani.

Msomaji wa bara au wa Nairobi atajikwaa kidogo kwenye msamiati. Hata jina la kitabu linahitaji kufunguliwa: ile N' ni "ni" iliyomezwa, yaani vuta nikuvute. Dawa si kushika kamusi kila mstari. Andika pembeni neno linapokutokea kwa mara ya tatu, maana hilo lina kazi. Ya mara moja yaache yapite na maji. Ukifika kama ukurasa wa 40 masikio yatakuwa yameshazoea.

Inapokwama ni pale Denge na wenzake wanapouzungumzia ukoloni. Ghafla vijana waliokuwa wakitaniana wanaanza kusema kama wamepanda jukwaani, sentensi zinanyooka, utani unakauka. Sababu inaonekana wazi: mwandishi ana jambo la kusema kuhusu siasa ya wakati ule na hataki lipotee, kwa hiyo anamkopesha Denge kinywa chake. Kurasa hizo si nyingi, lakini zinasikika, kama ngoma iliyolegea ngozi. Na mara nyingine Denge anawaponyoka Inspekta Wright na Koplo Matata kirahisi kuliko inavyoaminika. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 iangalie baadaye, siyo kabla. Imejikita kwenye mapenzi ya Denge na Yasmini, ni nzuri kwa macho, lakini umati wa Ng'ambo umepungua. Ukishaipenda sauti ya Shafi, kinachofuata ni Haini (2003), kuhusu waliowekwa ndani baada ya Rais Karume kuuawa 1972. Hicho ni kizito, usikichukue cha kusomea safarini.

Iliyofeli ni Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), na kusema hivi kunahitaji maelezo, kwa kuwa Walibora, aliyefariki 2020, alikuwa fundi wa lugha na kitabu hiki kilitahiniwa Kenya kwa miaka kadhaa. Kinaanza vizuri sana. Vijana wawili wasiojuana, Amani na Imani, wanakutana njiani wakielekea Sokomoko, na wanakunywa maji ya mto Kiberenge ambayo watu wa huko hawathubutu kuyagusa kwa sababu ya mwiko wa zamani. Tendo moja tu, kuteka maji na kunywa, na tayari unajua wametoka kwingine na hawataishi kwa hofu za wenyeji. Kitabu kingeendelea hivyo kingekuwa cha kwanza kwenye orodha hii.

Kilichokiponza kwanza ni majina. Mtawala anaitwa Mtemi Nasaba Bora, ndugu yake mwalimu ni Majisifu, wema ni Amani na Imani. Mtu akishaitwa Majisifu, huna cha kusubiri kwake. Ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo. Kilichokimaliza ni methali. Chukua penseli, pigia mstari kila methali na kila nahau katika kurasa tano za mazungumzo, kisha funika majina ya wasemaji uone kama utawatambua. Mchunga ng'ombe anasema kama mwalimu, mwalimu kama mtemi, mtemi kama kitabu cha insha. Katika mitihani yetu methali ni alama, na kitabu kinachosomwa kwa ajili ya mtihani kinavutwa kuelekea huko. Kwa mwanafunzi anayetaka kutajirisha insha ni ghala. Kwa mtu anayetaka hadithi baada ya kazi, ni kama pilau iliyozidishiwa iliki: unaisikia iliki, nyama huisikii.

Lakini kuna fundo moja zuri humo ndani. Amani ameandika mswada, Majisifu ameuiba na kuuchapisha kwa jina lake, na mswada wenyewe unaitwa Kidagaa Kimemwozea. Yaani kitabu ulichoshika ni mali iliyoibwa ndani ya hadithi yake yenyewe. Walibora angelishikilia fundo hilo zaidi na kuhubiri kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Anayetaka kumwonja katika ubora wake achukue Siku Njema (1996): Kongowea, kijana wa Tanga, anasimulia mwenyewe jinsi anavyomtafuta babake hadi Kitale. Msimulizi ni mmoja, kwa hiyo sauti ni moja kwa haki yake, na methali zinaonekana kuwa zake.

Kabla ya kwenda mbele, neno kuhusu nakala. Vitabu vya kiada ndivyo vinavyodurufiwa sana, na vya bei ya chini kando ya barabara vingi ni vya namna hiyo. Angalia mambo matatu. Shika uti wa kitabu ukipinde polepole. Gundi mbaya inatoa mlio na kurasa zinaanza kulegea hapo hapo. Pitisha kidole gumba kwenye pembe ya chini ukifuatisha namba za kurasa, hasa katikati, maana hapo ndipo karatasi nne au nane hurukwa zote pamoja. Tatu, fungua hadi ndani kabisa uone kama mwisho wa mistari haujamezwa na uti. Hilo la tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu huligundui mpaka umefika kati ya hadithi.

Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58 na ikachapwa 1960. Ndiyo iliyomtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Bwana Ali, mtu mwenye mali, anakutwa amekufa kwenye mzimu wa kale, mahali watu wanapopaogopa. Inspekta Seif anafanya kazi ya polisi. Bwana Msa anafanya kazi ya kufikiri. Kwamba Sherlock Holmes yuko nyuma ya pazia, kila mtu anaona. Cha kuvutia ni kile Abdulla alichokibadilisha. Holmes anasoma matope kwenye viatu. Bwana Msa anasoma watu. Anakaa nao, anawaacha waseme, anatupa mzaha, anauliza swali ambalo halionekani kuwa swali. Ni upelelezi wa barazani, na ndiyo maana mazungumzo yake bado yana ladha baada ya zaidi ya miaka 60. Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti, na mkono wa gazeti unaonekana: sura fupi, kila moja inaishia mahali pa kukufanya ufungue inayofuata.

Namna ya kukisoma: kwa siku mbili au tatu mfululizo, siyo mwezi mzima. Weka karatasi ndani ya kitabu, upande mmoja majina na nani ni nani kwa nani, upande wa pili nani alimwona Bwana Ali mara ya mwisho na wakati gani. Upande wa ukoo ndio muhimu zaidi. Kwenye riwaya za Abdulla, kiini cha jinai karibu kila mara kiko kwenye damu na urithi: mtoto wa nani, nani alifichwa, nani angepata nini. Ukipoteza ukoo umepoteza kesi. Wasomaji wengi hukwama hapo, kisha wanakilaumu kitabu.

Lawama ya haki ni nyingine. Mwishoni Bwana Msa anakusanya nyuzi zote na kueleza, na maelezo ni marefu. Watu waliokuwa wakijibizana kwa vurugu tamu wananyamaza kama wanafunzi. Baadhi ya mambo ya zamani anayoyatumia hukuwa na njia ya kuyapata mwenyewe, kwa hiyo anayependa kushindana na mpelelezi ataona ameonewa. Ajabu ni kwamba kosa ni lile lile la Shafi: mwandishi kamwazima mhusika wake kinywa. Tofauti ni kwamba Bwana Msa ni mcheshi, na mcheshi husamehewa. Zinazofuata ni Kisima cha Giningi (1968) na Duniani Kuna Watu (1973). Ukianza na hizo hutapotea, ila utakosa raha ya kumfahamu Bwana Msa tangu mwanzo.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) ndiyo iliyokikwepa kipimo. Ni nyembamba, kurasa hazifiki mia, na lugha yake ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la saba. Ugumu hauko kwenye maneno. Msimulizi anafika mahali penye ukimya, anakutana na watu wanaosoma bila kusema, wenye majina kama Plato na Nietzsche, na hakuna anayemweleza chochote. Aliyezoea Rosa Mistika (1971) au Gamba la Nyoka (1979) atadhani kachukua kitabu cha mtu mwingine. Kati ya vile na hiki, Kezilahabi alikwenda Wisconsin, Marekani, akaandika tasnifu ya udaktari kuhusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kufasiri fasihi (1985), na inavyoelekea alirudi akiwa hana imani tena na riwaya inayofafanua mambo.

Kosa la kwanza wasomaji wanalofanya hapa ni kutafuta ufunguo: yule paa (mnyama) ni nini, mto ni nini, mwanga ni nini, kama fumbo la gazetini lenye majibu ukurasa wa nyuma. Ukienda hivyo utachoka kabla ya kurasa 20. Isome mara ya kwanza kwa kikao kimoja, saa mbili zinatosha, bila kusimama, kama unavyosikiliza ndoto ya mtu. Kisha chukua Mzingile (1991), maana hizi mbili ni pacha, halafu rudi Nagona. Mara ya pili mambo yanaanza kushikana yenyewe. Haifai kusomwa kwenye daladala, siyo kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu ni kimya, na kimya chake hakivumilii honi. Asiyewahi kumsoma Kezilahabi asianzie hapa. Atamkosea mwandishi na kujikosea mwenyewe.

Kilichobaki ndicho kilichostahili nafasi kubwa. Peponi ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, iliyofika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huo. Gurnah alipewa Nobel 2021, na Kiswahili kikatoka 2022 kwa Mkuki na Nyota, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis wa chuo cha SOAS, London. Kwamba mtoto wa Unguja ilibidi kwanza apewe tuzo Sweden ndipo asomeke kwa lugha aliyozaliwa nayo ni aibu yetu sote, wachapishaji na wanunuzi.

Yusuf ana miaka 12, babake ana hoteli mjini Kawa, na ami yake Aziz, tajiri wa misafara, kila akija humpa anna kumi, sarafu ya wakati ule. Siku moja anaondoka na ami yake kwa treni. Huko pwani, dukani, kijana mwenzake Khalil anamwambia ukweli: yule si ami yako, mwite Seyyid, babako ana deni lake, na wewe ni rehani. Hapa ndipo Kiswahili kinapolipa. Msomaji wa Kiingereza anahitaji kuelezwa jambo hilo. Sisi neno rehani tunalo, ni la mkufu wa dhahabu na hati ya nyumba, na kuliona likiwekwa kwa mtoto linakata bila maelezo. Vivyo hivyo jina la utani la Yusuf, kifa urongo. Gurnah aliliacha kwa Kiswahili ndani ya Kiingereza chake, likawa kama pambo la kigeni. Ndani ya Kiswahili ni mmea ule wa uani unaojikunja ukiguswa, na tabia yote ya Yusuf imo humo.

Kwenye kipimo cha mazungumzo, hiki kinashinda vyote. Fungua mahali Kalasinga, fundi wa Kisingasinga, anapobishana na Hamid, mwenye duka. Kalasinga ametangaza kwamba ataifasiri Kurani kwa Kiswahili, naye Kiarabu hajui, Kiswahili chenyewe anakivunja, ataifasiri kutoka Kiingereza. Hamid hajui acheke au amfukuze. Hakuna mwandishi aliyesimama katikati kukwambia nani ana haki. Kuna vikombe, kuna ubishi, kuna urafiki unaonyoshwa hadi karibu kukatika. Mahali pengine Mzee Hamdani, mtunza bustani, anaeleza kwa nini yeye, mtumwa, alikataa alipopewa uhuru na bibi anayemtumikia: ni nani aliyemwambia ana uhuru wa kumpa mtu? Ni maneno machache ya mzee anayemwagilia miti, na hotuba zote za Denge haziufikii uzito wake.

Sura ya tatu na ya nne ni safari ya bara, na hapo wasomaji wengine hulegea, maana watu ni wengi na njia ni ndefu. Shika majina manne tu: Aziz; Mohammed Abdalla, mnyapara; Simba Mwene, msaidizi wake; na Chatu, mtawala wanayefika kwake wakiwa tayari wameumia. Hakuna miaka inayotajwa wala ramani, lakini ukiwa na ramani ya kawaida ya Tanzania uifuatishe kutoka pwani hadi upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, hutapotea. Mwenye kutaka kulinganisha na masimulizi ya wasafiri wenyewe atafute Safari za Wasuaheli, yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapwa 1901. Humo utakutana na neno hongo likimaanisha ushuru wa kupita nchi ya mtu, kabla halijaharibika.

Kasoro kubwa ni Yusuf mwenyewe. Kwa muda mrefu yeye ni jicho tu: anapelekwa, anapendwa, anaogopa, hatendi. Huo ni mpango wa mwandishi, kwa kuwa mtu aliyewekwa rehani hana la kuamua, lakini mpango mzuri nao unaweza kuchosha, na sura ya tano inachosha kidogo. Kinachoisaidia ni kisa cha Nabii Yusuf kilicholala chini yake; bibi wa nyumba anaitwa Zulekha, na anayeijua sura ile ya Kurani atabashiri mapema nguo itachanika upande gani.

Mwisho unakatika ghafla, kwa tendo moja la haraka, bila aya ya kuaga. Usidhani umeuziwa nakala yenye kurasa pungufu. Hesabu sura: zikiwa sita, kitabu kimetimia.